Diana Amechukuliwa

Kiplombe, Eldoret

Dada yangu Musimbi,

Huku mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika magotini.

Diana, yule mtoto niliyepewa na serikali nimlee, amechukuliwa. Nilipolazwa hospitali niliomba kanisani mtu mmoja tu akae naye. Pasta alisema, "Dada Mideva, tunakuombea." Hakuna aliyekuja. Afisa wa watoto alimkuta peke yake, akampeleka kwenye makao ya watoto.

Nilipopona nilienda kumchukua. Afisa alikataa. "Ukiugua tena, atabaki na nani?" Sikuwa na jina la kumtajia.

Pale makaoni Diana aliniuliza, "Anti, unaenda saa ngapi?" Miaka mitatu ameniita mama.

Jumapili kanisani walinipigia makofi kwa kupona.

Ni mimi mdogo wako,
Mideva