Mguu Nilioachia Hewani

Dada yangu Glafira,

Matango ya chumvi yamefika mazima. Nami ni mzima kama fahali. Usicheke mwandiko, mkono huu umezoea kamba, si kalamu.

Kazi yangu unaijua. Ndege yetu ya utafiti ikipanda juu kisha ikajitupa chini, watu ndani hupoteza uzito na kuelea kama manyoya karibu nusu dakika, nami huwashika miguu ili uzito ukirudi wasitangulize kichwa. Miaka ishirini na sita sijatapika. Wenzangu huchomwa sindano ya kuzuia kichefuchefu kabla ya kupanda. Mimi humwambia daktari, "Binti, hiyo wape watoto wa mjini."

Alhamisi, ndege ilipojitupa mara ya kumi na moja, nilitapika. Nilikuwa nimemshika mtafiti mmoja, Bi Ludmila. Nikaachia mguu wake nizibe mdomo. Uzito ukarudi, akaanguka, akavunjika bega.

Mwenzangu Rodion alikuwa karibu naye, wakubwa wakadhani ni yeye aliyemwachia. Akaninong'oneza, "Nyamaza, mzee. Wakijua ni wewe, hutaruka tena." Nikanyamaza, mimi Yefim ninayejisifu kila mahali. Jana wamemsimamisha kazi, na mkewe ni mjamzito.

Nimekaa na barua hii tangu asubuhi, chai imepoa. Nikishaitia posta nitavuka barabara, niingie kwa mkuu wa kazi nimwambie ni mimi niliyeachia.

Mwezi wa tano nitandikie kitanda. Nitakuja kukulimia viazi, na shamba lote nitalimaliza kwa siku moja.

Ndugu yako mkaidi,
Yefim