Marahaba ya Kwenye Simu

Kilosa, Jumamosi

Basi ndiyo imeshakuwa hivyo. Neema, binti wa marehemu kaka yangu, amekuja leo kutoka Mikumi kuniambia gemu lake halipatikani tena. Serikali imelifungia duka la mtandaoni alikoliweka, na watengenezaji wa hapa nchini sasa wanatakiwa kuwa na kibali. Kibali kinataka kampuni yenye ofisi. Ofisi ya Neema ni kitanda chake.

Gemu lenyewe ni la kupitisha ng'ombe kati ya mashamba ya mahindi bila wao kula hata jani. Njiani amesimama mzee mkulima. Usipobonyeza shikamoo, hupiti. Sauti ya mzee huyo ni yangu. Mimi nilitaka kuwa sauti ya mfugaji, lakini Neema alikataa: "Baba mdogo, wewe una sauti ya mtu anayegombana na kuku."

Nimemwambia avumilie, kibali kitatoka. Akacheka kidogo. "Jumatatu naanza kazi hotelini, mapokezi. Ila watoto wa kijiji cha Kidete, baba mdogo, wa wafugaji na wa wakulima, ambao wazazi wao wanagombana kila siku, walikuwa wanalicheza pamoja, sasa..." Hakumalizia. Nikamwongezea chai.

Tulio nalo kwenye simu tumebaki nalo. Nimelifungua sasa hivi, nikabonyeza shikamoo. "Marahaba," nikajiitikia kwa ukali wote, "pita, mwanangu."

Ng'ombe wakapita. Laiti ningekuwa mimi ninayekaa kwenye dirisha la ofisi wanakotoa vibali.