Chapa ya Leokadia Pytel

Mwaka umetimia, Loda, tangu ulipotutoka pale hospitali asubuhi ya theluji. Nilikuwa nimeshuka chini kutafuta kahawa. Nilirudi na vikombe viwili.

Mimi sikusoma, unajua. Binti yetu Halina amenisaidia herufi, maneno ni yangu.

Tunaikumbuka penseli uliyoichomeka nyweleni, hata kanisani ulikwenda nayo. Tunazikumbuka pierogi za Ijumaa, yale maandazi yako ya kuchemsha yenye viazi ndani. Halina anasema, "Mama, inatosha, tuna njaa," na wewe bado unabana tena ile moja iliyoachia ukingoni.

Miaka ishirini na sita ulikaa benchi la silinda pale kiwanda cha bastola. Silinda moja, matundu sita ya kukaa risasi. Ulipanua kila tundu kwa mkono, kisha ukatia kichwa cha risasi na kukisukuma kwa kidole gumba. Kikidondoka chenyewe, tundu pana. Kikigoma, jembamba. Yote sita yakilingana, bastola inapiga unapoelekeza. Yasipolingana, kila risasi inakwenda kwake. Ukisharidhika ndipo unagonga chapa yako, herufi L ndani ya duara. Polisi wa hapa mjini walikuwa wakiziomba hizo za L.

Halafu akaja Haskell kuwa msimamizi. Akataka idadi ya silinda za siku iwe maradufu.

"Pima tundu moja tu, Loda. Hayo mengine ni ndugu zake."

"Bosi, kwetu tulizaliwa sita. Kamuulize mama yangu kama kiatu kimoja kilitutosha."

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Ukamwambia kekee za kutobolea zimeisha makali, matundu yanatoka membamba, na hugongi L yako juu ya uchafu.

Jumatatu akakupeleka chumba cha majaribio, kule chini wanakopiga risasi kutwa nzima. Feni ya kutoa moshi ilikuwa imekufa. Uliporudi nyumbani na ladha ya chuma mdomoni, mimi nilikwambia, "Nyamaza, mama. Imebaki miaka minne tupate pensheni." Nilisema hivyo mimi, mume wako. Ukanyamaza.

Miezi kumi na minne. Mikono ikaanza kutetemeka, chakula hakikai. Daktari akasema vumbi la risasi limekula figo. Wakubwa walijua, maana feni waliandikiwa barua tatu. Msibani walileta maua.

Mimi nafanya kazi ya kufunga maboksi palepale, na kupokea dirishani zinazorudishwa. Kumbe tangu wakuhamishe, silinda zilikuwa zinashuka na L juu yake, na hata baada ya kukuzika zikaendelea. Nikamfuata Haskell.

"Chapa ni mali ya kiwanda, Bronek. Si ya mke wako."

Mwezi wa kumi askari mmoja akarudisha bastola mbili dirishani kwangu. "Mwambie mkeo kazi imemshinda. Zinapiga kushoto, nusura mwenzangu afe."

"Mke wangu yuko kaburini tangu Februari," nikamwambia.

Akavua kofia.

Kwa hiyo wote mnaosoma tangazo hili gazetini, sikieni. Loda hakugusa silinda yoyote miezi kumi na minne kabla ya kufa kwake. Yenye L iliyotoka tangu hapo, aliyeiharibu si yeye.

Na wewe, Loda, pumzika. Mtu wa benchi lako, simtaji, alikitoa kiwandani kile kichuma cha kugongea L, kikiwa kimefichwa ndani ya mkate. Jumapili tulimwaga maji ya moto juu ya kaburi lako hadi udongo ulioganda kwa baridi ukalainika, tukakifukia kwa kina cha mkono. Haskell akikitaka aje na koleo, mchana, watu wakimwona.

Unakumbukwa na mumeo Bronek, binti yako Halina na mumewe Ted, dada yako Genowefa, na wajukuu Marysia na Paul. Tukiwa hai, Loda, jina lako halitagongwa tena juu ya kazi ya mtu mwingine, wala hutatutoka moyoni.