Turbo Mbili Kizwite

Kizwite, Sumbawanga
4 Mei 2025

Mwanangu Edith,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku tunaendelea. Mama yako anakohoa kidogo kwa baridi, ila nguvu za kunigombeza bado anazo. Mahindi yamekauka shambani, wiki ijayo tunaanza kuvuna.

Boksi lako limefika, baada ya kulala siku nne kwa watu wa basi, kwa sababu uliandika Teodori na wao wananijua kwa jina la Fundi tu. Nimefungua nikakuta turbo mbili. Nikakaa chini. Mwanangu, gari lako ni moja, injini ni moja, matundu yote sita ya moshi yako upande mmoja, na nafasi iliyobaki hapo haitoshi hata sahani ya ugali. Hizi mbili nizikalishe wapi, mapajani?

Na ile manifodi ya kukusanyia moshi uliyochongesha huko haikai. Matundu mawili yamepishana na ya injini kwa unene wa kidole. Nani alipima? Nitatengeneza yangu kwa bomba nene, nichomelee mwenyewe.

Usidhani nalalamika ili niache. Hapa kona wamekuja vijana watatu na kompyuta ya kupimia magari, na wateja wangu wote wamehamia kwao. Mimi naletewa pikipiki za kuziba pancha. Hii injini yako ndiyo itakayosema kama bado ni fundi.

Na usinipigie simu. Mtandao wa huku ni kelele tupu. Andika, uweke barua kwenye boksi la vifaa.

Ni mimi baba yako,
Teodori


Dar es Salaam
17 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, joto tu. Mpe mama pole ya kifua, mwambie aache kutoka nje alfajiri bila kitenge cha pili.

Manifodi nilipima mimi, kwa picha ulizopiga ukiwa umesimama kombo. Kwa hiyo tugawane lawama. Turbo ni mbili kwa sababu moja kubwa inachelewa kuamka. Hizi ndogo kila moja inalishwa moshi wa silinda tatu, zinaamka na kusukuma hewa ndani ya injini mapema.

Mashindano ya magari ni tarehe 20 Septemba. Bosi wangu hapa gereji mwaka wa tatu huu ananiita dada wa kuosha vifaa. Nilipomwambia injini ya gari langu inafungwa na baba yangu Sumbawanga, alicheka mpaka akatafuta kiti. Kwa hiyo na mimi nina deni na siku hiyo.

Ndani ya boksi hili kuna kompyuta ya injini. Nimeshaipanga kwa hewa nyepesi ya huko juu Ufipa, wewe unganisha tu. Lakini turbo zikianza kusukuma, sikiliza sana. Ukisikia injini inagonga, hata kidogo, kama punje za mahindi ndani ya kopo, zima hapo hapo. Kugonga kunakula pistoni. Wewe ndiye uliyenifundisha kujua ugonjwa wa injini kwa kuusikiliza, kwa hiyo sina wasiwasi.

Mwanao,
Edith


Kizwite
29 Juni 2025

Mwanangu Edith,

Habari za huko. Huku upepo wa mwezi huu unaingia mpaka kwenye mifupa. Mama yako amepona kifua, ulezi tumeingiza ndani.

Manifodi ya kwanza ilipasuka. Ya pili ikapasuka palepale. Ya tatu nilikuwa katikati ya kuchomelea, umeme ukakatika siku mbili, na chuma kilipopoa kikajikunja. Nilirusha spana ukutani. Mama yako akaja akaiokota, akaniambia kama chuma kimenishinda niende nikapukuchue mahindi. Bomba la oili la turbo ya nyuma nimelikunja mara sita. Wiki nzima imeliwa na boliti moja iliyokatikia ndani. Gari hili limenichosha, nakuambia ukweli, kuna siku nimelichukia.

Ya nne imeshika. Jana mchana niliwasha, nikaenda nalo mpaka Ntendo nikarudi. Vijana wa kompyuta walitoka nje wote watatu wakasimama barabarani. Na haigongi. Nimesikiliza njia nzima, haigongi kabisa.

Baba yako,
Teodori


Dar es Salaam
5 Julai 2025

Baba, shikamoo.

Sijambo kabisa leo. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikajifungia chooni gereji nikalia kidogo. Usimwambie mama.

Nitakuja Agosti kulichukua. Jumamosi ijayo nitakupigia kwa simu ya mama, nakuomba upokee. Ni habari ya kushuka na gari bondeni, nataka tuulizane na kujibizana papo hapo.

Mwanao,
Edith


Kizwite
20 Julai 2025

Mwanangu Edith,

Salamu ndefu sina. Tuko wazima. Injini imekufa.

Jumatano nilishuka nayo bondeni, Muze. Oswaldi, rafiki yangu wa mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa ameambiwa nimebaki fundi pancha, nikataka aione. Kushuka ilikuwa salama. Kurudi nikampakia, tukapanda mlima wa Lyamba lya Mfipa kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwenye gari dogo. Tulipokaribia juu ukatoka moshi, nguvu ikaisha. Tumevutwa na trekta mpaka nyumbani.

Nimefungua. Pistoni mbili zimeyeyuka. Ni petroli ya madumu niliyoongeza kule chini, nina hakika.

Baba yako,
Teodori


Dar es Salaam
31 Julai 2025

Baba, shikamoo.

Picha za pistoni nimezipata kwa mama.

Petroli haina kosa. Kingo za pistoni zimeliwa kidogo kidogo, maana yake injini imegonga mlima mzima. Nilipokupigia nilikuambia mara mbili: hewa ya bondeni ni nzito na ni ya moto, kompyuta imepangwa kwa hewa ya juu, usishuke nayo mpaka nije. Ukajibu, "Sawa mwanangu, sawa." Siku nne baadaye uko Muze.

Ungemwambia hivyo fundi mwanamume mwenzako kisha ukafanya kinyume? Nadhani usingefanya. Na mlimani, kopo zima la mahindi linalia mbele yako, hukuzima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nimeondoa jina langu kwenye mashindano. Bosi safari hii hakucheka, alinipa pole, na pole ile imeniuma zaidi. Injini usiiguse tena.

Edith


Kizwite
7 Septemba 2025

Mwanangu Edith,

Najua u mzima kwa sababu mama yako huongea nawe. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Yako aliisoma yeye kwanza. Alipofika kwenye ile methali alichukua kalamu, akaniandikia nyuma ya bahasha: "Teodori, mwambie mtoto, au nitamwambia mimi."

Sikio langu la kulia limekufa, mwaka wa pili sasa. La kushoto linapata sauti nzito tu. Kanisani napiga magoti nikiona wenzangu wamepiga. Mtandao wa huku hauna kelele yoyote, ni mimi. Ulipopiga simu nilijua ni wewe, basi, maneno sikupata hata moja. Nikasema sawa, kwa sababu ndicho ninachomwambia kila mtu siku hizi.

Mlimani Oswaldi alinishika bega, akaniinamia kabisa akapaza sauti, "Fundi, kuna kitu kinagonga." Nikamwambia ni mawe ya barabara. Nilijua pale hakuna mawe.

Niliandika haigongi kwa sababu sikuisikia ikigonga. Juu ya injini sikukudanganya. Juu ya masikio nilikudanganya, kwa aibu, maana fundi asiyesikia ni nani? Niliogopa ungeitoa kazi mikononi mwangu ukampa mwingine. Nimekuharibia injini na siku yako. Nisamehe.

Gereji nimeifunga. Spana ziko kwenye gunia. Niambie nani atakuja kuchukua gari.

Baba yako,
Teodori


Dar es Salaam
20 Septemba 2025

Baba, shikamoo.

Leo ndiyo siku ya mashindano, sikwenda hata kutazama. Bado nimekasirika, nisikufiche. Hasira ya pistoni imeisha. Ya miaka miwili ya "mtandao mbovu" haijaisha, na nina nyingine ya kwangu mwenyewe, kwa yale maneno niliyokuandikia. Nisamehe na wewe. Uliniomba nisipige simu, na jambo kubwa kuliko yote nikalisema kwa simu.

Gunia lifungue. Nimeitazama manifodi yako kwenye picha za mama. Imepanda mlima ule, pistoni zimeyeyuka pembeni yake, na haina ufa hata mmoja. Hapa mjini sijaona anayechomelea hivyo. Umeniuliza fundi asiyesikia ni nani. Ni huyo.

Nimeomba likizo ya mwezi mmoja. Barua hii inatangulia, mimi nafika Jumatano na pistoni sita kwenye begi. Wewe utafunga, mimi nitasikiliza.

Nina sharti moja tu. Usiniitikie "sawa" kwa neno ambalo hukulipata. Niambie nirudie, hata mara kumi, hata ukiona nimenuna. Nitarudia.

Mwanao,
Edith