Nimeshindwa Kusema Kuwa Nafaa

Bi Nasriya mpenzi,

Assalaam alaykum. Nna jambo limenikaa kifuani na humu ndani hamna wa kumwambia, ndiyo nakuandikia wewe mshauri wetu, nisaidie. Mimi mjane wa miaka hamsini na mbili, nakaa mtaa wa Al Khoudh, mume wangu Allah amrehemu nilimuuguza mpaka akanitoka, mwaka wa tatu huu, na mwanangu wa pekee Alaa kaolewa mtaa wa Qurum, huja Ijumaa, akishakula keshaondoka, siku nyengine zote natia chai vikombe viwili kwa mazoea halafu cha pili nakimwaga.

Basi skuli ya chekechea hapa karibu wanataka mama wa kuwalisha watoto na kuwalaza, na watoto ndio raha yangu, lakini mkuu wao ni bibi wa Kizungu, lazima umjibu kwa Kiingereza, Alaa akanifundisha kwa simu wiki nzima. "Mama, sema: I am ready to start. Yaani uko tayari kuanza. Halafu: I am suitable for this job. Kazi hii unaifaa." Nikawa nayasema hata nikifua, nikayahifadhi barabara.

Siku ilipofika yule bibi akaniuliza kama niko tayari kuanza Jumapili, ndiyo siku ya kwanza ya kazi huku, nikamjibu, "Inshallah." Akauliza kama nafaa kukaa na watoto, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, majirani ndio wanaonijua. Akarudia, niko tayari? "Inshallah, inshallah." Maneno ya Alaa yote nilikuwa nayo mdomoni, lakini sisi tumelelewa hivyo, mtu hajisifu, na la kesho halisemi bila ya Mola wake. Akafunga faili taratibu, akasema nirudi Alhamisi nikishaamua. Alaa kanicheka, "Mama, kakuuliza kazi, hakukuposa!" Nikacheka naye, simu ilipokatika nikalia.

Nikisema nafaa, si kujikweza? Nirudi, au nikae kwangu?

Mama Alaa, Al Khoudh

*

Mama Alaa, waalaykumu ssalaam. Pole, dada yangu. Hicho kikombe cha pili nimekisoma mara mbili.

Sasa nikugombe. Kujikweza ni kusema wewe bora kuliko fulani, na hakuna aliyekuuliza hayo. Umeulizwa kama Jumapili asubuhi atakuwepo mtu wa kumbeba mtoto anayelia. Umelea, umeuguza, jawabu unalo. Ukilificha, huo si unyenyekevu, ni woga umejifunika buibui. Kwetu inshallah ni ahadi, lakini yule mgeni kasikia mtu anayesitasita. Usiiache hata siku moja, ila usiiache peke yake.

Alhamisi nenda mapema. Mtazame usoni, useme: I am ready to start on Sunday, inshallah. Kuwa tayari ni juu yako, kutimiza ni kwa Mola. Akikuuliza kama unafaa, mwambie ulivyomlea Alaa na ulivyomuuguza baba yake, kisha nyamaza. Usianze kuomba radhi.

Na asubuhi hiyo tia kikombe kimoja tu, unywe, utoke. Cha pili mwekee Alaa. Ijumaa akishakula, kabla hajashika funguo za gari, mmiminie umwambie lile ulilonambia mimi ukamficha yeye: "Mwanangu, kaa kidogo. Nna upweke." Hilo halitaki Kiingereza.