Santuri ya Sulaiti Imenitia Aibu

Tororo, 9 Novemba 1975

Kwa mdogo wangu Swaliki, Busia ya Kenya,

Assalaam alaikum. Nyumbani kwako wote wazima? Mgongo wa shemeji umepoa? Sisi wazima, ila mimi nina hasira tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, na hasira yenyewe ni juu ya hiyo santuri ya mwanangu Sulaiti uliyonitumia.

Unanijua. Mtaa huu mzima mimi ndiye wa kwanza kuwa na gramafoni, na nikitangaza jambo sihitaji redio. Niliwaambia mpaka watu wa kule kijiji cha Kirewa: mwanangu ametoa santuri kubwa Nairobi, muziki wa roki wenye bluzi ndani, njooni mcheze. Nikachinja mbuzi wawili. Uwanja nikaumwagia maji vumbi lisipande, kama tunavyofanya kwa harusi. Watu wakaja na viatu vya kuchezea.

Kumbe nini? Gita linalia polepole kama mtu anayeamka na homa. Ngoma haisikiki. Wimbo wa kwanza watu walisimama, wa tatu wakakaa, nilipogeuza santuri upande wa pili wakaulizia mchuzi. Shemeji yako Habibah akasema labda sindano imechoka. Nikabadilisha sindano, yaleyale. Ndipo jirani yetu Oboth akaniuliza mbele ya watu, mzee Mutwalibu, umetuita harusini au matangani? Aniulize mimi!

Kesho yake nikamtumia Sulaiti maneno makali kwamba amenivua nguo. Sasa nasikia anatafuta mtu wa kumuuzia gita.

Mzuie. Nakwambia jambo ambalo hata mama yake hajui. Alipovuka mpaka kuja kwangu mwezi wa Ramadhani, alinipigia nyimbo zote chumbani. Mmoja ulikuwa wa rafiki yake Ofwono, yule fundi redio ambaye askari walimtia kwenye buti ya gari na hajarudi. Swaliki, wimbo ule ulikuwa mkali, aligonga kisigino chini mpaka kuku walitoka mbio. Mimi nikaogopa. Nikamwambia autoe, na kila wenye kelele autoe, apige pole, asitaje mtu. Akanitii, nami nikadhani zilizobaki bado zitachezeka. Alichoniletea ni kile nilichoagiza mwenyewe, halafu nikamtukana.

Mwambie asiuze gita. Autie wimbo wa Ofwono kwenye santuri nyingine, na amtaje kwa jina lake lote.

Wasalimie watoto. Barua hii anaibeba Zulaika muuza mtama ndani ya gunia lake, askari wa mpakani wasiione. Ukishasoma usiichome, mpe Sulaiti.

Kaka yako,
Mutwalibu