Mitamba Si Magunia ya Kahawa

Litembo,
Mbinga, Ruvuma.
Jumapili, 6 Oktoba 2024.

Mpendwa kaka Ignatio,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na wifi Lidia pamoja na watoto, na kwamba joto la huko Dar es Salaam halijawanyima usingizi. Mgongo wako vipi? Mama ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, kana kwamba mimi ndiye ninayekukanda. Mwambie wifi nimesema fundi anayeshinda chini ya magari ya watu apewe godoro la maana.

Sisi huku tu wazima, ila usingizi ndio hatuna. Oliva anaota meno mawili kwa mpigo, na Modest tangu atimize miaka mitatu ananiita kila ninapogeuka. Naandika huku nimempakata mmoja, mwingine nimemtuliza kwa muwa. Ukiona mwandiko umepinda ujue ni teke la mtoto.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yetu ni moja na anashinda nayo shemeji yako Nicholaus, na haya ninayotaka kuyasema siwezi kuyasema akiwa amekaa pembeni. Halafu kuna kitu humu ndani ya bahasha ambacho hakipiti kwenye simu, huo uzi mweupe wenye fundo. Usiutupe. Nimepima kutoka ardhini hadi kwenye mkono wa tela letu likiwa limekaa sawasawa. Pale penye fundo ndipo ndoano ya gari inapotakiwa kufika. Ukienda yadi ya magari, simama nyuma ya gari, shusha uzi, uangalie.

Barua anakuletea Eunice, binti wa jirani yetu, anapanda basi Jumanne. Amekula kwangu mara nyingi, kwa hiyo hataipoteza.

Sasa kaka, jambo lenyewe. Usilipe lile gari dogo jeupe ulilotuonea yadi. Najua shemeji yako alikupigia akasema safari ya majaribio ilikwenda vizuri, kwamba gari la namna ile linalimudu tela, na wewe ukalipe Ijumaa hii. Haikwenda vizuri. Tangu siku ile nikifunga macho naona kona.

Tela hujaliona, nikueleze kidogo. Lilikuwa la mzungu aliyekuwa na shamba upande wa Kitai, akibebea farasi wake. Alipoondoka Nicholaus akalinunua, maana watu wa ziwani wanataka mitamba wa maziwa kutoka huku mlimani, na kuwaswaga kwa miguu wanafika wamekonda. Akili yake ilikuwa nzuri, ila alianza na tela kabla ya gari. Limekaa uani miezi minne, kuku wanatagia humo. Kilabuni wanamwita Bwana Farasi. Akipita wanamuuliza, "Bwana Farasi, mnyama mwenyewe anashuka na ndege lini?" Anacheka nao, lakini nyumbani anafika amenuna.

Basi tukaazima gari la Mwalimu Frederick, ni stesheni wagoni ndogo kama hilo jeupe lako, fundi wa kuchomelea akaliwekea ndoano kwenye bampa. Nicholaus ameendesha Fuso la kahawa miaka sita, unamjua, kila kitu anakipima kwa magunia. Hata Oliva alipozaliwa alisema huyu ni robo debe. Akapiga hesabu kwamba mitamba wawili ni sawa na magunia kumi ya kahawa. Akapanga magunia kumi kwenye tela, akavuta kutoka hapa hadi Mbinga, milima yote, na gari halikulalamika. Akarudi anapiga mluzi. "Mama Modest, tumemaliza. Kagari kanavuta kama trekta."

Jumamosi iliyofuata tukapakia mitamba wawili walionunuliwa na Mzee Aloisi wa Mbamba Bay, kule ziwani. Nami nilikwenda, kwa sababu wale wanyama hawapandi mahali bila kusikia sauti yangu, na Oliva ananyonya, kwa hiyo naye alikwenda. Mama akabaki na Modest.

Hadi Mbinga hapakuwa na neno. Na hata baada ya Mbinga, kwenye kupanda, gari lilikwenda. Kaka, shida ya kuvuta haiko kwenye kupanda. Ilianza tulipoinamia upande wa ziwa.

Magunia ukiyapanga yanakaa pale ulipoyaweka. Mitamba wanapumua, wanahama, wanaogopa. Ule ubao wa katikati unaotenganisha wanyama, Nicholaus alikuwa ameutoa ili magunia yaenee, na hakuurudisha. Kwenye kona ya tatu wote wawili wakaegemea upande mmoja, kisha wakarudi nyuma kwa pamoja, nikahisi kiti nilichokalia kinanyanyuka. Usukani ukawa mwepesi, akaugeuza, gari halikumsikiliza. Tela likaanza kutusukuma, mara kushoto, mara kulia, kama mlevi aliyekushika bega. Akakanyaga breki, ikazama hadi chini. Harufu ya kuungua ikajaa humo ndani. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya rozari kila jioni sikukumbuka hata sala moja, nilimlalia mtoto nikawa nasema tu, "Nicho, Nicho, Nicho."

Akalisugua kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima mpaka likasimama. Upande wa pili hapakuwa na ukingo.

Hakuna aliyeumia zaidi ya mtamba mmoja aliyechubuka goti. Tukawateremsha, tukawaswaga kwa miguu hadi chini, Oliva mgongoni kwangu. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo akatuangalia sisi na lile tela tupu lenye picha ya farasi nyuma yetu, akapaza sauti, "Mama, farasi wenu mbona wana pembe?" Nilitaka kumrushia jiwe. Badala yake nikacheka, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yale hayakutaka kukoma. Mzee Aloisi alipotupokea akauliza gari liko wapi. Nicholaus akamjibu, "Tumeliacha huko juu linapumzika."

Wakati wa kurudi, breki zikiwa zimepoa na tela likiwa tupu, akaniambia, "Hili lisifike kwa shemeji. Atasema sijui kuendesha." Nimenyamaza wiki mbili, huku namsikia kwenye simu anakusifia kagari. Jana nimemwaga uji wa mtoto mara mbili. Nikifagia uani nalizunguka lile tela kama mtu anayezunguka nyoka.

Usimdhanie vibaya, kaka. Anaona aibu, hilo lipo, lakini kuna kingine. Siku niliposhikwa na uchungu wa Oliva nilikwenda hospitali kwa bodaboda, mvua inanyesha, tukateleza mara mbili, nikafika nimejaa tope hadi kwenye nywele. Alisema mbele ya wauguzi kwamba mtoto mwingine hatanikuta kwenye pikipiki. Gari dogo kwake ni hilo, viti laini, vioo vinavyopanda, mimi na watoto tunakwenda misa tukiwa wakavu. Nikimwambia silitaki anaona nakataa huruma yake. Na mimi nampenda kwa ajili hiyo hiyo, ndiyo maana naandika badala ya kugombana.

Ile pikapu kuukuu uliyotutajia, iliyopauka rangi, ndiyo ninayoitaka. Mimi si fundi, darasa la saba na vidato viwili tu, lakini wiki hizi mbili nimewauliza madereva wote wanaosimama kununua ndizi kwangu. Wote wamenijibu kwamba gari la kuvuta wanyama liwe zito kuliko kile linachokivuta. Liwe na chasisi ya chuma, na ndoano ifungwe kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, isichomelewe kwenye bampa. Liwe na gia ya kubadili kwa mkono, ili kwenye mteremko injini imsaidie dereva kulizuia, breki zisichoke peke yake. Nguvu ya kupandia wanasema karibu kila gari linayo. Wewe tazama vya kulisimamishia.

Kwa hiyo ikague. Lala chini yake kama ulivyozoea, piga nyundo kwenye chasisi usikie kama kutu imeila. Vioo vikiwa vibovu, redio ikiwa haiimbi, kiti kikiwa kimechanika, viache hivyo hivyo, nitashona mwenyewe. Breki usiziache. Mbele wanakaa watu watatu na mlango unafungwa, mvua haitaniona.

Kama bei itazidi zile fedha za kahawa tulizokutumia, yule ng'ombe aliyenipa Mama nilipoolewa, akiwa bado ndama, auzwe. Mama nimeshamweleza. Alisema tu, "Ni wako." Sitaki kurudia mazungumzo yale.

Ila haraka inanibana. Mvua za Novemba haziko mbali, na Mzee Aloisi ameshawapelekea majirani zake sifa, wanataka wanne. Likija lile jeupe, Nicholaus atawapakia, namjua. Atarudisha ubao, atasema sasa tumejifunza, ataondoka akipiga mluzi. Na mimi nitabaki hapa nikisikiliza kila pikipiki inayopanda mlima kama imeleta habari.

Nilitaka kumalizia kwa kukuomba usimwambie nimeandika. Nilikuwa nimefika hapo hapo, kaka, Nicholaus akaingia kutoka kukata majani. Sikuificha karatasi. Nilichoka. Akaichukua akasoma amesimama, mundu bado mkononi, ukurasa wa kona akausoma mara mbili. Nikasubiri anikaripie.

Akasema, "Hukuandika yote."

"Nimeacha nini?"

"Breki. Pale Mbinga tulipopita stendi nilikanyaga nikaona laini. Nilijua. Nikasema zitatufikisha."

Nilikuwa kiti cha nyuma na mtoto wake, na yeye alijua. Nikamtazama, hakuinamisha macho. Akasema, "Andika, Kalista. Usipoandika nitaandika mimi." Miaka mitatu nimekuwa Mama Modest, leo ndiyo ameniita jina langu.

Basi nimeandika. Yeye nimemkabidhi Oliva amshike nipate kumaliza, na sasa hivi anatembea naye uani, anakwenda anarudi, anambembeleza kwa Kimatengo kwa sauti ya chini. Nina hasira ambayo sijui nitaiweka wapi, na wakati huo huo nimemwita Modest aondoe lile jembe, baba yake asije akajikwaa.

Kesho asubuhi anasema atakupigia mwenyewe. Msikilize, usimcheke. Lakini barua naituma vilevile, maana kwenye simu anaweza kupunguza maneno. Lipa pikapu. Hilo sasa tumelisema wawili.

Nisalimie wifi Lidia, mwambie vitenge vilifika na kimoja nimeshakivaa kanisani. Wasalimie watoto. Mama anakusalimu sana, anasema ukija Krismasi usilale Songea kwa marafiki, upitilize nyumbani. Modest anasema shikamoo mjomba, nimemshika mkono akaandika M moja hapo chini.

Mungu akulinde chini ya hayo magari, na wote walio barabarani leo wafike.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,

Kalista